Masi ya fomula: kaye, kalkulatrisi ao telefone, wewe utachagua gani?

Posho iliyopita, ku Katuba, apa Lubumbashi, chini ya muembe ya kwetu, nilikuwa na batoto batatu ba shimi-biolojia, nikabapa kazi moja ndogo tu: mutafute masi ya fomula ya CuSO₄, ile sulfati ya shaba. Wa kwanza alikuwa na kaye na biki, akaleta 111,5. Wa pili alikuwa na kalkulatrisi ndogo ya mama yake, ile mama anauzishaka nayo ku soko, akaleta 1592. Wa tatu akaandika fomula mu aplikasio ya telefone, akaleta 346,1, na yeye njo alikuwa na uhakika kuliko bote, juu telefone haidanganyi.

Jibu ya kweli ni 159,5.

Batoto batatu, bintu bitatu, makosa matatu, na hakuna ata kosa moja yenye kufanana na ingine. Bazazi baniulizaka kila mara, "prof, tumununulie mtoto kalkulatrisi ya siansi ao aplikasio ya bure inatosha?", na mimi nilikuwa najibu haraka haraka, sasa sijibu tena haraka. Kila namna ya kuhesabu iko na kosa yake, ile inazaliwa nayo. Ukitaka kuchagua vizuri, ujue kwanza ile kosa ni gani, halafu ujiulize kama ikifika utaiona ao itapita mbele ya macho yako.

Kwanza tuweke maneno sawa. Masi ya fomula ni jumla ya masi ya atomu zote zenye kuonekana mu fomula, basi, hakuna siri ingine. Inapimwa kwa u, na tangu 1961 ile u ni sehemu moja ya kumi na mbili ya masi ya atomu ya karboni 12. Ukichukua namba ileile ukaweka gramu kwa moli (moli ni fungu ya kuhesabia atomu, kama dazeni, lakini kubwa sana), unapata masi ya moli, ile utatumia ku mizani. Na juu ya nini tunasema "fomula", hatusemi "molekuli"? Juu chumvi ya jikoni, NaCl, haina molekuli: ni sodiamu na klori zimepangana pande zote mpaka mwisho wa punje, sasa tunahesabu ile pea moja yenye fomula inaonyesha. Kuhesabu kwenyewe hakubadiliki.

Tuanze na kaye, na apa nitakaa kidogo, juu mu kaye kuko namna mbili na batu bengi banazichanganya.

Namna ya kwanza ni atomu kwa atomu. Unachora mistari, unaandika elementi, hesabu yake, masi yake, unazidisha, unajumlisha chini. Chukua Al₂(SO₄)₃, ile sulfati ya alumini yenye batu banasafisha nayo maji. Alumini mbili, 54. Salfa tatu, 96. Oksijeni kumi na mbili, 192. Jumla 342. Ukiandika vile, mwalimu anaona kila kitu, na wewe mwenyewe kesho ukirudilia unaona fasi ulianguka. Shida iko mu parantezi. Mtoto anaona ile 3 ya inje, anaipeleka ku oksijeni peke yake, juu njo iko karibu nayo, salfa inabakia moja: 54 na 32 na 192, anapata 278. Mu myaka yenye nimefundisha, ile njo kosa nimeona mara mingi kuliko zote. Na yule wa 111,5 chini ya muembe alifanya ndugu yake: alihesabu shaba 63,5, salfa 32, oksijeni 16 mara moja tu, ile 4 ndogo ya chini hakuiona.

Namna ya pili mimi naiita ya bifurushi. Ukienda kununua makala mifuko tatu, haufungue mfuko uhesabu kipande kwa kipande, unapima mfuko moja, unazidisha na tatu. Parantezi ni ule mfuko. SO₄ ni 96, ijue kwa kichwa kama namba ya nyumba yenu. Sasa Al₂(SO₄)₃ ni 54 na mara tatu 96, ni 54 na 288, ni 342, umemaliza mbele ya jirani yako kufungua kaye. Bifurushi bya kujua ni saba tu: OH ni 17, H₂O ni 18, NH₄ nayo ni 18, CO₃ ni 60, NO₃ ni 62, PO₄ ni 95, SO₄ ni 96. Ukiwa na hizo saba mu kichwa, na masi ya metali za kawaida, karibu kazi yote ya chumvi na besi unaifanya bila kugusa mashini.

Angalia malakiti. Kila mtu wa Lubumbashi anajua lile jiwe la kijani, banatengeneza nayo mikufu na visanduku, na mababu ba Katanga balikuwa banaliyeyusha mu tanuru za udongo zamani kabla ya kampuni kufika, njo shaba ya misalaba ilitoka. Fomula yake ni Cu₂CO₃(OH)₂, na mtoto akiiona anaogopa. Lakini kwa bifurushi: shaba mbili 127, CO₃ 60, OH mbili 34. Jumla 221. Na sasa unaweza kujibu swali lenye maana: mu malakiti safi shaba ni 127 juu ya 221, sawa na 57,5 %. Kila mara nikifanya ile hesabu mbele ya mwanafunzi nikiwa na kipande cha malakiti mkononi, naona macho yake inabadilika, anaelewa kama zaidi ya nusu ya ile kitu anashika ni shaba.

Sasa, bifurushi haifae kila fasi. Ukiingia mu kemia ya karboni, hakuna parantezi ya kukusaidia, ao atomu moja iko imetawanyika. Asidi ya siki wanaiandikaka CH₃COOH: hidrojeni iko fasi mbili, karboni fasi mbili, oksijeni fasi mbili. Mtu anahesabu H tatu za mbele, anasahau ile moja ya nyuma, anapata 59 ku fasi ya 60. Apo rudia atomu kwa atomu, tena kwa mistari: C mbili, H nne, O mbili, 24 na 4 na 32. Sukari vilevile, C₁₂H₂₂O₁₁: 144, 22, 176, jumla 342. Umeona? Ni 342 ileile ya sulfati ya alumini! Kwa hiyo usiseme "nimepata 342 kama rafiki yangu" ukadhani mulihesabu kitu kimoja, angalia kwanza fomula yake.

Kati ya hizo mbili za kaye, kama ni chumvi, besi, asidi ya madini, mimi nachagua bifurushi bila kusita, na kama ni karboni ndefu nachagua mistari. Mwanafunzi anayeanza kabisa afanye mistari juma moja ao mbili mpaka aelewe parantezi inafanya nini, halafu ahamie ku bifurushi, juu akianza na bifurushi mara moja anaweza kuimba 96 kama wimbo bila kujua imetoka wapi.

Twende ku kalkulatrisi. Apa kuko aina mbili pia, na tofauti yao ni kubwa kuliko bei.

Ile ndogo ya soko, ya kujumlisha na kutoa na kuzidisha na kugawa, inafanya kazi kwa kufuata vidole vyako. Ukibonyeza 63,5 + 32 + 4 × 16, yenyewe inajumlisha 63,5 na 32 na 4, inapata 99,5, halafu inazidisha yote na 16: 1592. Haijakosa, imefanya ile umeiambia, kwa utaratibu ule umeiambia. Mama wa soko haimsumbui juu yeye anahesabu bidhaa moja moja. Lakini ku fomula inakuua. Dawa iko, na ni ya bure: tumia memori. Bonyeza MC kwanza kufuta, halafu 4 × 16 M+, 32 M+, 63,5 M+, kila M+ inaongeza ku memori, mwisho MR kuita jumla, inakupa 159,5. Yule mtoto wa pili nilimuonyesha ile M+, alikuwa ameishi na kalkulatrisi ile myaka mingi bila kujua ile batani inatumika nini, akairudilia mara nne mbele yangu, polepole, kwa kidole kimoja.

Ile ya siansi inajua kama kuzidisha kunapita mbele, na inakubali parantezi, unaandika 2×27+3×(32+4×16) unapata 342 moja kwa moja. Tena wakati wa pH na logariti utaihitaji tu, kwa hiyo mzazi mwenye kuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja, anunue ile, na asione kama amepoteza. Ila ujue bintu mbili. Ya kwanza, sisi tunaandika virgili, 63,5, yenyewe mara mingi inataka nukta, na mtoto akikosa ile batani anaandika 635. Ya pili ni kubwa zaidi: kalkulatrisi haibakizi alama ya njia. Ukikosa kidole kimoja, unapata jibu yenye kupendeza, yenye desimali nzuri, na hauna fasi ya kuangalia nyuma. Kaye inabakiza njia. Njo maana nasemaka: fomula uifungue mu kaye, mistari yote, halafu kalkulatrisi ifanye kuzidisha tu.

Telefone sasa. Na nitasema ukweli, mimi mwenyewe naitumia, haiko kitu kibaya. Unaandika fomula, inakupa masi na desimali zote, na zingine zinakupa ata asilimia ya kila elementi, kazi ya dakika kumi inakwisha kwa segonde moja. Tena aplikasio nyingi za aina ile hazihitaji mega, ukishaipakua inafanya kazi ata bila intaneti. Lakini tuangalie vizuri ile 346,1 ilitoka wapi.

Mtoto aliandika CUSO4, herufi zote kubwa. Kwake ni kitu kimoja, anasema "si-yu". Lakini kwa kemia, Cu ni shaba, na CU ni karboni na uraniamu. Aplikasio ilichukua karboni 12,011, uraniamu 238,03, salfa 32,06, oksijeni nne 63,996, ikajumlisha 346,1, na haikuuliza kitu. Uraniamu ya Shinkolobwe, ile mine ya zamani ya uraniamu, imeingia mu sulfati ya shaba juu ya herufi moja kubwa! Nilimuambia vile, na juu Shinkolobwe haiko mbali na Likasi, kwa shangazi yake, alishtuka kabisa, na sidhani atasahau.

Na sisi ba Katanga tuko mu hatari kuliko bengine, juu tunaishi na kobalti. Co ni kobalti, karibu 59. CO ni karboni na oksijeni, 28. Andika CoCO₃, karbonati ya kobalti, utapata 118,9. Andika COCO3, utapata 88,0, juu imehesabu karboni mbili na oksijeni nne. Kinyume yake iko pia: urea, ile mbolea, fomula yake ni CO(NH₂)₂, apo ni karboni na oksijeni kweli, masi yake ni 60, na nitrojeni ni 28 juu ya 60, ni 46,7 %, njo maana ku mfuko wa urea banaandika 46. Sasa mtoto wa Lubumbashi, vidole vimezoea kobalti, anaandika Co(NH2)2, telefone inamupa 91,0, na mbolea imegeuka madini. Mu kaye ile kosa ni vigumu kuifanya, juu lazima uandike "kobalti, 59" ao "karboni, 12", unasimama kidogo, unajiuliza.

Kosa ingine ya telefone ni ile nukta ya maji. CuSO₄·5H₂O, ile fuwele za bluu, nukta ya katikati inasema kila CuSO₄ iko pamoja na maji tano. Haiko kuzidisha. Kwa bifurushi ni rahisi: 159,5 na mara tano 18, ni 159,5 na 90, ni 249,5. Lakini kila aplikasio iko na namna yake ya kuandika ile nukta, ingine inataka nukta ya kawaida, ingine nyota, ingine haikubali kabisa. Kwa hiyo mbele ya kuamini aplikasio yoyote, ipe kwanza mitihani miwili: Ca(OH)2, inapaswa kutoa 74,1, na ile sulfati ya bluu, inapaswa kutoa karibu 249,7. Ikipita yote mbili, iweke. Isipopita, ifute, ata kama iko na rangi nzuri.

Apa lazima niseme kitu kilichonifikia mimi, juu kinahusu ile maji tano na hakuna chombo kingeniokoa. Wakati nasoma, banatupa manipilasio ya kutayarisha litre moja ya sulfati ya shaba ya 0,1 moli kwa litre. Nilihesabu vizuri, kwa kaye, nikahakikisha kwa kalkulatrisi, 159,5 mara 0,1, nikapima 15,95 g. Chupa yenye ilikuwa mbele yangu ilikuwa na fuwele za bluu. Zile za bluu ziko na maji, ile isiyo na maji ni nyeupe, nilipaswa kupima 24,95 g. Solusio yangu ikawa 0,064 tu, na vipimo vyote vya siku mbili vilivyofuata vikawa vya bure, mimi na mwenzangu tulilia karibu. Hesabu ilikuwa sawa, fomula njo ilikuwa ya kitu kingine. Tangu ile siku nasoma etiketi kwa sauti mbele ya kugusa biki, na banafunzi bangu nao nabafanyisha vile.

Bado ile swali ya desimali, juu nayo ni kuchagua. Utumie namba za kuzungusha ao zile ndefu za tablo ya elementi? Niweke chache kando kwa kando, kushoto ya kuzungusha, kuume ya tablo:

Chumvi, NaCl: 58,5 na 58,44
Chokaa yenye maji, Ca(OH)₂: 74 na 74,09
Heterojeniti, CoO(OH), jiwe nyeusi ya kobalti: 92 na 91,94
Kalkopiriti, CuFeS₂: 183,5 na 183,51
Malakiti: 221 na 221,11
Sulfati ya bluu: 249,5 na 249,68

Unaona tofauti ni ndogo sana, hakuna ata moja yenye kufika mbili kwa elfu. Kwa devuare, kwa maswali ya kuchagua jibu, namba za kuzungusha zinatosha na zinapunguza makosa ya vidole. Lakini kuzungusha kuko na mpaka. Shaba iwe 63,5, klori iwe 35,5, usizizungushe mpaka namba nzima. Na sababu iko ndani ya shaba yenyewe: hakuna atomu ya shaba yenye kuwa na masi ya 63,5. Kuko za 63, karibu 69 kwa 100, na za 65, karibu 31 kwa 100, zimechanganyika mu kila waya na kila sufuria, na 63,546 ni wastani wao. Klori vilevile, robo tatu ni 35 na robo moja ni 37. Ukiandika 64 umesukuma wastani pembeni.

Inabadilisha nini? Rudi ku malakiti. Na shaba ya 64 masi inakuwa 222, asilimia 57,66. Na namba za tablo ni 57,48. Mu tani moja ya malakiti safi, ile ni karibu kilo 1,8 ya shaba yenye haiko. Lori ya tani 30, ni kilo 54. Sasa najua, mu lori ya kweli jiwe haiko safi, kuko udongo na mawe mengine, na laboratwari inapima shaba yenyewe, haihesabu fomula tu. Lakini nataka mtoto aone kama nusu ya namba, yenye anaitupa kwa uvivu wa biki, ku mizani kubwa inakuwa mfuko mzima. Na 63,5, ile tofauti inabakia karibu gramu mia moja kwa tani.

Na kitu kimoja kinashinda yote: kama prof ao karatasi ya mtihani imekupa masi za atomu juu ya swali, tumia zile, ata kama tablo yako ya ukuta inasema zingine. Ukiona mu majibu kuko 249,5 na pembeni yake 250, ujue wale batu banangalia tu kama ulisoma masi yenye balikupa.

Basi kuchagua. Kama uko mwanafunzi na mtihani uko mbele, kaye na bifurushi, kila siku fomula tano, na kalkulatrisi uiguse ku mwisho. Telefone iwe ya kuhakikisha jioni, ukishamaliza, ukiona namba mbili hazifanani usifute yako mbio, tafuta nani amekosa, mara nyingi utakuta ni herufi. Kama uko mzazi na pesa ni ya kitu kimoja, kalkulatrisi ya siansi, juu ya betri yake kukaa sana na umeme ukikatika jioni mtoto anaendelea na mshumaa, na juu haina video za kumuita. Kama pesa hakuna, ile ndogo ya soko na M+ inatosha kabisa, sisemi vile kukufariji, nimeona batoto banapita nayo. Kama unafanya kazi mu laboratwari, ku Likasi ao Kolwezi ao apa, unapima kila siku vitu vilevile, basi aplikasio ao jedwali ya kompyuta na namba za tablo kamili, ulihakikishe mara moja kwa mkono, halafu liandike kubwa ukutani na etiketi ya maji ao bila maji.

Na kwa bote, chombo chochote, mbele ya kuhesabu kadiria kwa kichwa. Shaba karibu 60, salfa karibu 30, oksijeni nne karibu 60, jumla iko karibu 150. Na ile 150 mu kichwa, 1592 inaanguka yenyewe, 346 inaanguka, ata 111 inakufanya usimame.

Chini ya muembe tulirudia bote. Yule wa telefone aliandika tena, herufi u ndogo, akapata 159,602, akaangalia kaye yangu yenye 159,5, akaniuliza: "Yaya, sasa ni nani amekosa, wewe ao telefone?" Nikafungua tablo, nikamuonyesha 63,546 mu kisanduku cha shaba, akasoma namba yote kwa sauti, akaandika majibu mbili kando kwa kando mu kaye yake, na chini ya kila moja akaandika ilitoka wapi. Posho ijayo nimebawekea Ca₃(PO₄)₂, kwa bintu bitatu, na kila mmoja abadilishe chombo na mwenzake.